Moto Ulipomgusa Mdogo Wangu

Daktari wa kituo cha afya hakuwa mtu wa kubembeleza, na ndiyo maana nilimwamini. Alimwambia mdogo wangu, aliyeanza kuanguka mwaka huo huo, kwamba ana kifafa, kwamba si mapepo wala kurogwa, na kwamba wengi wakimeza vidonge bila kuruka huacha kuanguka kabisa. "Ukikaa miaka miwili bila kuanguka, tutaongea mambo ya kupunguza dawa," alisema. Mdogo wangu akauliza kama ataolewa. "Kwani ni miguu imekatika?" daktari akamjibu. Tulicheka hadi nje.

Vidonge vilifanya kazi. Tangu tulipopanda mahindi hadi tukavuna, hakuanguka. Alirudi kwenye kibanda chetu Malaba, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda, akawa anakaanga samaki wa ziwani kutoka Osieko na kutaniana na madereva. Nyumbani Amukura, mama alikuwa amemtengea sahani na kikombe vyake peke yake. Hata yeye alianza kusahau kuvitenga.

Kisha dawa zikaisha kituoni. Tuliambiwa turudi wiki ijayo, na wiki iliyofuata tukaambiwa hivyo hivyo. Mdogo wangu akawa anakata vidonge vilivyobaki nusu nusu ili visiishe upesi. Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji, naye akaanguka, mkono ukaingia kwenye makaa. Niliporudi mbio, wateja walikuwa wamesimama mbali wameziba midomo, wakiogopa povu lake. Aliyemvuta ni dereva mmoja wa lori, mtu wa mbali asiyejua kwamba huku kwetu mtu wa kifafa haguswi. Wale wengine sijawasamehe, na bado nawauzia samaki.

Kidonda kilifunga na dawa zikarudi kituoni. Nilidhani tumepona sote. Nilisahau jambo ambalo kila mtu kwetu analisikia tangu utotoni: eti mwenye kifafa akishaungua, ugonjwa umeingia ndani na hautoki tena. Kabla ya moto watu watauza hata kuku wamtibu. Baada ya moto wanamwachia Mungu. Mama akarudisha sahani pembeni.

"Hiyo moto imeshamshika," aliniambia. "Sasa hata umpe dawa gani, ni kazi bure. Wacha kusumbua mtoto."

"Mama, daktari amesema dawa bado inafanya kazi. Kuungua ni kuungua tu."

"Huyo daktari alizaliwa huku? Ameona wangapi?"

Nilimpigia mama kelele siku hiyo, kelele ambazo mtoto hampigii mzazi, wala sizijutii. Lakini mama hakuwa tatizo kubwa. Nilipotandika kitanda cha mdogo wangu nilikuta vidonge chini ya godoro, vyote vizima.

"Dada, nikimeza naanza kungoja kupona," alisema, akiuficha ule mkono kwenye leso. "Na kila mtu ameona mkono. Wacha tu."

Nilimlazimisha nilipokuwa nyumbani. Nilipokuwa Malaba, yaani mchana kutwa, naye amebaki nyumbani na mama, hakuna aliyemlazimisha. Akaanza kuanguka tena, na kila alipoanguka mama alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Mvua zilipoanza, alikwenda kufua peke yake kwenye kijito nyuma ya shamba. Maji yale hayafiki magotini. Walimkuta kifudifudi, nusu ya nguo zimeshaanikwa kwenye nyasi.

Kwenye mazishi mama alisimama kando ya jeneza, akilia kilio cha kweli kabisa. "Nilisema huyu mtoto hawezi kupona," alisema. "Nilisema tangu ile siku ya moto." Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa, na wazee nao pia.

Nikasimama. "Alikuwa amepona," nikasema kwa sauti ili hata waliokuwa nje ya hema wasikie. "Alikuwa amepona, mkamwambia hajapona."

Jirani yetu akanivuta nguo, akaninong'oneza nikae, nisimwaibishe mama mbele ya wageni.