Kufuli ya Mama Feza Niliivunja Mimi

Ndugu wa ukurasa huu, ficheni jina langu. Mkilitoa, Kasongo nzima itanijua, na kule Kabambare watanijua hata mbuzi wa njiani. Nina miaka arobaini na saba. Nilisoma miaka mitatu kwa mapadri, wa nne nikaona hawana tena cha kunifundisha. Leo mimi ni kapita wa barabara, nasimamia watu wa kutengeneza njia. Watoto wa dada zangu wakitaka kucheka wanasema, "Mjomba, tuambie ya kiboko wa Nyangwe." Kiboko yule nilimpiga kofi, akarudi mtoni analia. Lakini leo siandiki habari za kiboko.

Nyumba yangu iko na meza, viti vinne na foroshete sita, nyuma za kulia za kizungu. Ninakula peke yangu. Huu ni mwezi wa tano sasa tangu nibaki hivi.

Mke wangu nitamwita Mama Feza. Feza alikuwa mtoto wetu mmoja tu, aliishi majuma matatu. Tangu alipofariki, mama yake alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, limefungwa kufuli, ufunguo uko kiunoni mwake. Miaka kumi na sita sikumuuliza ndani muna nini. Katika ndoa yetu, hilo nililifanya vizuri.

Kisha nikataka ile karte, cheti cha serikali wanachopewa watu walioendelea. Kabla ya kuipata, wazungu wanakuja kutazama nyumba: jiko, choo, kitanda, na kama mke anakula mezani pamoja na mume. Wakaja asubuhi, bwana mmoja na karani wake. Wakatazama, wakaridhika, wakaanza kutoka. Mimi na mdomo wangu huu nikasema, "Bwana, kwangu hakuna siri! Fungua popote!"

Bwana akageuka. "Na ile sanduku, iko na nini?"

"Mama Feza, lete ufunguo."

"Baba Feza, ile hapana."

Alisema polepole tu, lakini mbele ya wageni. Nikaona haya: mutu wa karte, mke anamkatalia! Nikachukua nyundo yangu ya kazi, nikapiga mara moja. Kufuli ikaruka.

Ndani mulikuwa kitambaa cha kubebea mtoto na kofia ndogo ya uzi. Hakuvifua tangu siku ile ya msiba, alitaka harufu ya mtoto ibaki. Bwana akakiinua kitambaa kwa ncha ya kalamu, akamwambia karani, "Andika: nguo chafu chumbani."

Mama Feza hakulia. Alikunja vile vitu, akavifunga kifuani, akaenda kwao Kabambare kwa miguu. Sanduku aliliacha. Na karte sikupewa.

Mwezi uliopita wakafika hapa waheshimiwa watunga sheria kutoka Ulaya. Wanachunguza namna wakubwa wanavyoingia nyumba za watu, wanavyofungua barua zao na masanduku yao, wapate kutunga sheria ya kukataza. Waliketi kwenye baraza ya teritware, ofisi ya serikali, watu wamejaa mpaka nje. Nikaitwa. Naapa nilikuwa nimekusudia kusema kweli. Lakini macho yote yale yaliponielekea, nikasikia sauti yangu: "Waheshimiwa, nilisimama mlangoni na panga! Bwana alitetemeka mpaka kofia ikaanguka! Askari sita wakanishika, ndipo akavunja kufuli!" Watu wakapiga makofi. Karani wao akaandika kila neno.

Jumapili akafika shemeji kutoka Kabambare, amepanda kinga yake, ile baiskeli.

"Shemeji, bado unaua chui?"

"Siku hizi viboko tu. Karibu."

Hakucheka. "Wale waheshimiwa walifika kwetu pia. Wakamsomea dada maneno yako. Askari sita, shemeji! Wakamuuliza kama ni kweli. Akasema, aliyevunja iko Kasongo, mumuulize tena." Akanywa maji, akaweka kikombe chini. "Na mimi amenituma hivi: siku utakayosema mbele ya masikio yale yale kwamba ni wewe, atarudi."

Waheshimiwa watarudi hapa mwezi ukiandama, na jina langu liko la kwanza. Kuchekwa siogopi, nimechekwa maisha yangu yote na nimenenepa. Ninaogopa swali moja, maana wanamuuliza kila mutu: ndani mulikuwa nini? Nikijibu, nimeipiga ile kufuli mara ya pili, na safari hii soko zima linachungulia. Nikikataa kujibu, nani ataamini kwamba mimi, mimi huyu, ninaweza kunyamaza? Tazameni, hata ninyi nimekwisha kuwaambia.

Nimenunua kufuli mpya. Sanduku halina kitu, lakini nimelifunga, na ufunguo niko nao kiunoni.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mliozika mtoto, nisaidieni mawazo. Siku hiyo nitasema namna gani kwamba nilivunja, bila kufungua tena?