Hukumu Aliyoisoma Mama Getruda

Mama Getruda wa Mirongo alistaafu uhakimu wa mahakama ya mwanzo akiwa na jambo moja la kujivunia: hakuna aliyewahi kusema hukumu yake imenunuliwa. Basi mwaka 1994, alipoombwa ajitolee kuwa hakimu katika mashindano ya wanafunzi ya kesi za kuigiza, alipiga pasi koti lake jeusi na kutoa sharti. Akae na wazee wa baraza wawili kama zamani, kura zote tatu ziwe na uzito sawa, na hakimu asome uamuzi wa wengi bila kunung'unika.

Kiti kimoja alikikalia wakili Venant, aliyekula mshahara wa tajiri wa kiwanda cha minofu ya sangara, mwenye sekondari mpya ya binafsi iliyoingia fainali. Kura ya huyo ilijulikana hata kabla hajaketi. Cha pili alikikalia Machibya, mzee wake wa baraza wa miaka nenda rudi, kwa hiyo Mama Getruda alitulia kabisa.

Wapinzani wao, wasichana waliovuka ziwa kutoka Nansio, walimtetea mvuvi aliyeshtakiwa kuiba nyavu. Msemaji wao, Odeta, alimbana shahidi wa mashtaka mpaka akakiri kwamba siku ya wizi yeye mwenyewe hakuwepo mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

"Mheshimiwa, hapa kuna kesi tena?" Machibya alinong'ona. "Katoto kamemaliza."

Walipojifungia kupiga kura, Venant aliitaja shule ya bosi wake. Machibya akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Na mimi hao hao."

"Machibya!"

"Ndiyo kura yangu, Mheshimiwa."

 Mama Getruda angekataa kusoma, lakini sharti lilikuwa lake mwenyewe, na Machibya alilijua kuliko mtu yeyote. Akatoka, akasoma.

Nje alimkuta tajiri amemshika Machibya bega. "Mjukuu wako aje aanze shule Jumatatu, mzee wangu."

"Umeniuza," Mama Getruda akamwambia Machibya.

"Mimi tena? Si wewe uliyesoma?"

Hata hakuona haya, mzee mzima! Kabla Mama Getruda hajamjibu, Odeta alikuwa ameshafika, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu alituambia tusiogope, hakimu ni wewe. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote."

"Sasa mbona umesema tumeshindwa?"

Mama Getruda akageuka kumtafuta Machibya. Alikuwa ameshapanda gari la tajiri, anafunga mlango.