Mawingu ya Fundi

Fundi aliyenifunza kusafisha picha mjini Malindi hakuweza kuvumilia mbingu nyeupe. Jua la pwani saa sita hula kila kitu huko juu, na watalii hawanunui picha ya namna hiyo. Kwa hiyo kila picha ya mandhari aliitia giza. Ndani ya chumba chetu chenye taa nyekundu, mashine ilipomulika karatasi, aliikinga ardhi kwa kiganja na kuiacha mbingu ipigwe na mwanga zaidi. Karatasi ikitiwa dawa, vijiwingu ambavyo macho hayakuviona vilitokea vizito, vyeusi. Nilikuwa msichana, nikikaa kwa shangazi yangu mtaa wa Barani, hapo hapo mjini, na niliyapenda sana mawingu yale. Siku hizi siwezi kuyatazama.

Mwaka mmoja katika miaka ya themanini, mvua ilitupa mgongo kijijini kwetu Adu. Mahindi yalikauka yangali mafupi. Baba alikuwa kibarua bandarini Mombasa, na ng'ombe walikuwa wake. Kwetu mke huchunga, hukama, hukesha na ng'ombe anayezaa, lakini kuuza ni kwa neno la mume. Mama alikuwa ameshampelekea salamu tena na tena: wauzwe wangali na nyama mifupani. Baba alijibu kwamba wanawake hulia kila kiangazi.

Fundi alipokwenda Adu kuwapiga watu picha za kipande, zile za kitambulisho, nilifuatana naye. Mama akamwomba alipige shamba letu, na ng'ombe wakiwamo.

"Mume wangu hayaamini maneno yangu, fundi. Basi na aone kwa macho yake."

Fundi alikubali bila kudai chochote, akaahidi kuipeleka mwenyewe Mombasa, kwani alikuwa na safari ya kununua karatasi. Alikuwa mtu mwema, nami hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Tulipokuwa tukiisafisha picha ile, nikakiona kiganja chake kikienda kuikinga ardhi.

"Fundi, tafadhali, hii iache nyeupe. Mama ataka baba auone ukame."

"Ukame si huo hapo chini, mwanangu? Mahindi yamekauka, mbavu za ng'ombe zahesabika. Lakini kazi yangu haitoki hapa na mbingu kama shuka. Hebu nipishe."

Nikampisha. Ningefanyaje? Chumba kilikuwa chake, na karatasi yake. Picha ilipokauka ilipendeza kupita zote alizowahi kuwauzia wenye hoteli. Juu ya shamba letu lililokufa palisimama mvua ya mwaka mzima. Asubuhi yake akaondoka nayo.

Alirudi na jibu, amefurahi kweli kweli.

"Babako amesema asiuzwe hata ndama. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ameyaona. Karibu alie kwa furaha."

Siku hiyo hiyo nilikwenda Adu. Nilimweleza mama yote: taa, kiganja, dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga uji mwepesi.

"Nimekuamini, mwanangu. Lakini neno la babako limeshatoka. Ng'ombe wa mume hawauzwi kwa neno la mtoto."

Tukapeleka salamu nyingine Mombasa, kwamba mawingu yale yametiwa na fundi. Baba akacheka tu, alivyosimulia yule aliyezipeleka, akaitoa picha mfukoni na kumwonyesha. Ng'ombe wakaanza kulala chini na kushindwa kuinuka. Mama na wadogo zangu waliwanyanyua kwa kuwashika mikia, kila asubuhi, mpaka wakakosa wa kumnyanyua.

Baba alipokuja mwishowe, ngozi za ng'ombe zilikuwa zimerundikwa kando ya jiko. Alisimama mbele ya rundo hilo na begi lake mkononi. Kisha akatoa ile picha, imekunjika pembe, akampa mama.

"Tazama mwenyewe," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Tazama mbingu hii. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Mama alikuwa hajaiona. Aliipangusa mikono kwenye leso, akaishika picha karibu na uso. Kidole chake kikapita taratibu, chini kabisa, kando ya ua.

"Huyu ni yule mwekundu," akasema. "Na ndama wake huyu hapa."

Baba alisubiri kidole kipande juu. Hakikupanda.