Tepu Nyeusi kwenye Gari la Mkwe

Kwa miaka thelathini na moja Noreen Kluske alikuwa fundi pekee wa magari katika mji wetu mdogo wa ngano, huku kwenye nyanda kavu za Mallee, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyethubutu kumwita mpole. Mumewe Colin alipoumia mgongo, Noreen alivaa ovaroli la mumewe, akalikunja miguuni mara mbili, akaingia chini ya lori la mtu aliyekuwa akimcheka. Wakati wa mavuno mashine zilipanga foleni mlangoni kwake. Ulimi wake ulikuwa na makali kama patasi, na chuki akishaipanda haing'oki. Kubwa kuliko zote aliipanda juu ya Grant Pfitzner, mume wa bintiye Janelle.

Grant alinunua gari kubwa la dizeli, la viti saba, lenye chuma mbele cha kukinga kangaruu. Siku alipolileta kwenye nyama choma ya klabu ya mpira, Noreen alinyoosha mkono afungue boneti. Grant akamzuia mbele ya watu.

"Usiguse, Noreen. Hili si la nyundo na waya. Hili lina kompyuta."

Watu wakacheka, na baadhi yao walikuwa wateja wake. Noreen akaapa palepale kwamba hataligusa mpaka Grant aje amwombe mwenyewe.

Eti gari lilikuwa la kuvuta karavani, ile nyumba ya magurudumu, jangwani. Kumbe kazi yake ilikuwa kupeleka watoto wawili shule, dakika nne kwenda, dakika nne kurudi. Dizeli za siku hizi hazitaki maisha hayo. Masizi hujaa kwenye chujio la moshi, na chujio halijisafishi mpaka gari likimbizwe barabara kuu lipate moto. Taa ya chujio ikawaka kwenye dashibodi. Wauzaji wa gari, walio mwendo wa saa tatu kutoka kwetu, wakaizima, ikawaka tena. Mara ya tatu Grant akafanya anachofanya kila mkulima wa kwetu taa ya trekta ikimchosha: akakata tepu nyeusi ya umeme, akaibandika juu yake. Noreen mwenyewe ameziba taa za namna hiyo nyingi kuliko anazotaka kukiri.

Jumapili moja mwanzoni mwa Desemba, familia ilipokuja kwake kula, Noreen aliona matone ya rangi ya waridi kwenye saruji, pale gari lilipoegeshwa. Akachovya kidole, akanusa. Maji ya kupozea injini. Alijua mwisho wake: siku ya joto kali, karavani nyuma, injini inachemka na kufia njiani. Akachota maji, akasugua saruji ikatakata. Aje aniombe, alijisemea. Jumapili iliyofuata matone yalirudi, naye akasugua tena.

Januari Grant na familia yake wakafunga safari ya kuvuka jangwa la Nullarbor, siku mbili za barabara iliyonyooka ambako simu haishiki. Redio ilitangaza joto la nyuzi arobaini na sita. Asubuhi ya kuondoka Noreen alifika kwao na kopo la biskuti. Janelle alikuwa kwenye usukani, watoto wamefungwa mikanda nyuma, Grant akikagua mnyororo wa karavani.

"Umekuja kutuaga au kutukagua?" Grant akauliza.

"Nimekuja kuona wajukuu wangu. Wewe nakuona bure."

"Basi umewaona. Tuna barabara ndefu."

"Boneti umefungua leo?"

"Tulia bwana. Limetoka sevisi Septemba."

"Septemba! Hata maziwa ya Septemba hunywi!"

Noreen akapitisha mkono dirishani, akabandua tepu. Chini yake ziliwaka taa mbili.

"Grant," Janelle akasema, "si uliniambia umeficha mkwaruzo?"

"Ni taa ya chujio tu! Hiyo ya pili siijui, naapa."

"Ni ya maji ya injini," Noreen akasema, na utamu wa ushindi ulimjaa mdomoni. "Yanavuja. Mngechemka katikati ya Nullarbor na watoto humo ndani. Kompyuta imekuonyesha, wewe ukaiziba macho. Mpumbavu mkubwa!"

Grant akainama chini ya bampa, shingo imemwiva kwa aibu. Noreen alingoja bintiye aseme neno. Janelle alikuwa akimtazama yeye.

"Mama, umejuaje kama yanavuja? Hujafungua boneti."

"Taa hiyo hapo."

"Taa inasema yamepungua. Wewe umesema yanavuja."

Noreen akahamishia kopo mkono wa pili. "Niliona matone. Pale kwangu."

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Kabla ya Krismasi niliwapeleka hawa kwa gari hili mpaka mji wa Murray Bridge, kwa daktari wa meno. Mara mbili. Peke yangu."

"Nisingewaacha muondoke leo. Si nimekuja?"

"Siku zote hizo ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja huyu mumeo aje aniombe."

Janelle akazima gari. Akafungua mikanda ya watoto, mmoja baada ya mwingine, akawashusha upande wa pili, mbali na bibi yao. Mdogo alinyoosha mkono kwenye kopo la biskuti. Janelle akauvuta mkono ule.

"Grant ni mjinga, na nitamalizana naye ndani," alisema. "Lakini yeye hakujua, Mama. Wewe ulijua."

Akaingia na watoto, Grant nyuma yao, akafunga mlango kwa ufunguo.