Vidole Viwili vya Nafasi

Miaka ishirini na sita mama huyu amekula kwa cherehani, na udhaifu wake ni mmoja tu: hawezi kumwona mtu amebanwa. Mteja akisema, "Imebana, fundi," yeye hufumua mshono papo hapo na kuongeza nafasi ya vidole viwili. Hata waliokuja kupunguziwa nguo walitoka wakielea ndani yake. Mumewe, fundi rangi wa magari, alimtania kwamba suruali zake zinamtosha mtu na mgeni wake. Mume huyo mtaa mzima ulimwita Redio, maana ulimi wake haukujua kupumzika.

Mchana huo Redio alikuwa kimya. Mapafu yaliyovuta rangi maisha yake yote yalikuwa yamegoma, na sasa amelazwa wodini, usoni kavalishwa barakoa ya plastiki iliyofungwa kwa mikanda nyuma ya kichwa, mashine pembeni ikimsukumia hewa. Daktari hakuzungukazunguka.

"Hewa chafu imemjaa kwenye damu. Saa kumi tutapima tena. Ikishuka, tunaendelea hivi hivi. Isiposhuka, itabidi tumlaze usingizi tumpitishe mpira kooni. Na kwa mapafu haya, mama, sikufichi, huenda asiamke."

Mama fundi akakaa kitini, roho mkononi. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasorobo.

Akamtazama mumewe. Barakoa ilikuwa imemchora alama nyekundu juu ya pua, mikanda imezama mashavuni. Jicho lake la fundi likaona kosa pale pale: hii imebana. Redio naye akagusa mkanda kwa kidole, akimsihi kwa macho. Sista alikuwa mwisho wa wodi, kashughulika na mgonjwa mwingine. Jamani, hata wewe ungeweza kukaa ukitazama tu? Akanyoosha mkono, akalegeza mkanda mmoja, kisha wa pili. Vidole viwili, kama kawaida yake.

Redio akafumba macho. Uso ukalainika, akasinzia. Mama fundi akafurahi, maskini, maana tangu alfajiri hakuwa amemwona ametulia hivyo. Upepo ukawa unatoka kwenye kingo za barakoa na kumpuliza mkononi. Mashine ikaanza kulia. Ndipo alipoiona midomo ya mumewe, imegeuka rangi ya majivu.

"Mume wangu," akamtikisa. "Baba watoto, amka." Hakuitika.

Sista alikuja mbio. "Nani amelegeza hii?"

Angeweza kunyamaza. "Mimi, mwanangu. Ilikuwa imembana."

"Lazima ibane, mama. Hewa ikivujia pembeni haifiki mapafuni. Huu si usingizi, huku ni kuzidiwa." Akaikaza mikanda, kisha akaichukua mikono ya mama fundi na kuiweka juu ya barakoa. "Gandamiza hapa. Usiachie, hata akikusukuma. Namwita daktari."

Akagandamiza. Dakika zilikwenda kwa kujivuta, na Redio alipozinduka kitu cha kwanza alichofanya ni kuisukuma ile mikono. Macho yalimtoka, akitikisa kichwa. Mama fundi alijawa na hofu ambayo hakuwahi kuijua: kwamba mume wake atakufa hivi, na cha mwisho kukiona duniani kitakuwa mkewe akimziba uso.

"Nisamehe," akasema huku analia, na hakuachia.

Saa kumi damu ikachukuliwa. Daktari alisoma karatasi mara mbili, mama fundi akimtazama mdomoni.

"Imeshuka kidogo," alisema mwishowe. "Kidogo sana. Tunaendelea nayo mpaka asubuhi, tuone."

Sista akaivua barakoa kwa dakika moja ili mgonjwa alowanishe koo. Redio akameza maji kwa shida, akakusanya pumzi kipande kipande, akamgeukia mkewe.

"Imebana, fundi."

"Najua," mama fundi akasema. Akaichukua barakoa yeye mwenyewe, akamvalisha, akaivuta mikanda mpaka hapakubaki nafasi hata ya uzi.