Chetezo cha Miriam na Mgeni wa Hyderabad

Udi mzuri hutoka India. Hilo nalijua tangu nina akili, kwa kuwa mama yangu alikuwa akinunua vipande dukani kwa Mhindi hapa Lamu, akifika nyumbani ananikataza kuvigusa kwa mikono yenye shombo. Mhindi huuza, Mswahili hupika, Mwarabu husifu. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Basi Miriam aliponihadithia kwamba tajiri wake wa Riyadh alitaka kumuuzia Mhindi udi, nilicheka. Ni kama kumpelekea Mpemba karafuu.

Lakini dunia hugeuka. India ya sasa ina watu wenye pesa ambazo baba zao hawakuziona hata kwa jirani. Wanajenga majumba, wanaoza watoto kwa harusi za wiki nzima, na wana ligi ya kriketi ambayo tajiri hununua timu nzima kama mtu anavyonunua ng'ombe, akawa na chumba chake cha vioo juu ya uwanja cha kukaribishia wageni. Watu kama hao hawataki udi wa gunia. Wanautaka umepikwa, umetiwa kwenye kasha la mahameli, na umetoka Arabuni, hata kama mti wenyewe uliota kwao.

Miriam ni mtoto wa Langoni, mtaa wangu. Marehemu baba yake alikuwa seremala wa milango. Udi nilimfundisha mimi kupika, na sioni haya kusema kwamba katika wanafunzi wangu hakuna aliyempita: ajua shira ya sukari inapofaa kuepuliwa, ajua marashi yasitangulie ambari. Mumewe, Yassir, alitangulia Saudia, akapata kazi katika ghala la matairi Jeddah. Baada ya mwaka na kitu Miriam naye akaenda kwa wakala Mombasa, zile siku ambazo kila nyumba ilikuwa ikitoa msichana, akamwambia waziwazi, "Mimi nataka Jeddah, mume wangu yuko huko."

"Dada, Saudia ni Saudia," wakala akamjibu. "Ukishafika utampata tu."

Akafikia Riyadh, mtaa wa Al-Naseem. Kutoka hapo hadi Jeddah ni mbali kuliko Lamu na Nairobi. Ikama yake, yaani kibali cha kuishi, ilikuwa kwa kafili, tajiri aliyemdhamini, pasipoti pia, na mfanyakazi wa ndani hana safari yake mwenyewe. Mume na mke wakawa katika nchi moja, wanaufungulia mwezi mmoja, na hawaonani. Wakisemezana kwa simu, Yassir humtania: "Ungebaki Lamu ningekuona upesi zaidi. Kuja nyumbani napewa likizo."

Tajiri aliitwa Abu Turki. Alikuwa na duka la manukato Al-Sulimaniyah, si kubwa, lakini la watu wazito. Miriam alikuwa mgeni bado katika nyumba hiyo aliposikia madam, mke wa Abu Turki, akilalamika kwamba udi wa dukani unamwumiza kichwa. Akamwomba ruhusa, akampikia kidogo kwa namna ya kwetu. Madam akafukiza chumba, Abu Turki akaingia, akasimama mlangoni. Hakuuliza chakula siku hiyo. Aliuliza udi.

Wakati huo alikuwa akizungumza na Mhindi mmoja wa Hyderabad aliyefanyia biashara Jeddah, Bwana Moizuddin. Huyu alitafutia matajiri wa kwao zawadi za kuwapa wageni: makasha ya msimu wa kriketi kwanza, kisha ya harusi. Akapelekewa udi wa Miriam kuujaribu. Akajibu kwamba atakuja Riyadh mwenyewe.

Abu Turki akafurahi, akamwambia Miriam mbele ya mkewe: "Mhindi akikubali, nafungua chumba cha kupikia Jeddah, nyumbani kwa mama yangu. Wewe utakaa huko. Mume wako si yuko Jeddah?"

"Yuko, baba."

"Halas. Mwombe Mungu."

Alimwomba. Akampigia Yassir, Yassir akasema ataamini akimwona.

Siku ya mgeni ilipofika, Msudani aliyezoea kuhudumu barazani kwa wanaume alikuwa hayupo, amekwenda kushughulikia karatasi zake. Wanawake hawaingii baraza hiyo. Ikawa Miriam anatayarisha jikoni, na sinia zinabebwa na dereva, Reuben, kijana wa Kakamega, mrefu, mcheshi, Mkristo, aliyekuwa hajui barazani kuna nini kwa sababu kazi yake ilikuwa garini. Ndani walikaa Abu Turki, mgeni, na kaka mkubwa wa Abu Turki. Huyu kaka alikuwa na hisa dukani na biashara ile hakuitaka. Alikuwa akisema, na sauti ilifika hadi jikoni, kwamba ukoo wao umenunua udi kwa Wahindi tangu mababu, na haijapata kusikika kuwarudishia.

Sasa, kwetu mgeni wa heshima hupokewa kwa udi. Nyumba hufukizwa kabla hajakaa vizuri, hunyunyiziwa marashi, ndipo vyakula vifuate. Mgeni asiyefukizwa atajua hakutarajiwa. Miriam, kwa vile mambo yake yote yalikuwa barazani siku ile, alichagua vipande vizuri, akawasha makaa, akamkabidhi Reuben chetezo kabla hata ya kahawa.

"Peleka hiki kwanza, kaka. Anza na mgeni."

"Hiki cha moshi? Si nianze na kahawa, dadangu? Hawa watu wanapenda kahawa sana."

"Kahawa ya nini kabla mtu hajanukia? Nyinyi wa bara mgeni mwampokea na nini?"

"Na kuku."

"Basi nenda, kuku wangu ni huyo."

Reuben akaenda. Hakukawia kurudi, na chetezo mkononi, macho yamemtoka.

"Dada Miriam. Wameenda."

"Wameenda wapi?"

"Wameenda tu! Nimempa mgeni, akajifukiza ndevu vizuri, akasema shukran. Yule mzee kaka akacheka, akajifukiza, akasimama. Akisimama, mgeni naye akasimama. Bosi amebaki ameshika tende."

"Umemwangushia kaa?"

"Aki sijaangusha kitu!"

Aliyewaeleza ni madam, akiingia jikoni amejishika kichwa. Kwa Waarabu wa kule udi ni wa mwisho. Mkisha kula, mkisha kunywa, chetezo kikipita ni kusema: mazungumzo yamekwisha, nendeni na baraka. Hakuna anayekaa baada yake. Mgeni alikuwa ameishi Jeddah miaka mingi, akayajua hayo kama wenyewe. Aliletewa udi kabla ya kahawa, yaani amefukuzwa kabla ya kukaribishwa. Na kaka mtu, aliyejua vyema kwamba ni kosa la jikoni, alilipokea kama riziki, akainuka. Kaka mkubwa akiinuka, mdogo hawezi kusema kaeni.

"Kwetu ni kukaribisha, madam," Miriam akasema.

"Kwenu! Hapa ni kwenu?"

Abu Turki hakupiga kelele. Alisema maneno mawili tu, "Mafi Jeddah," hakuna Jeddah, akaenda kuswali.

Miriam alimwomba madam amsemee: bosi ampigie mgeni simu, amwambie lilikuwa kosa la mwanamke wa Lamu, basi. Madam alikwenda, akarudi. Abu Turki amekataa. Afadhali mgeni amdhanie mjeuri kuliko ajue kwamba nyumba yake inaendeshwa na watu wasiojua desturi, na tena kwamba kaka yake alimcheza mbele ya mtu baki. Heshima ya watu wengine huwa nzito kubeba, lakini wenyewe ndio waibebao.

Hata hivyo adabu ya gari ilibaki. Asubuhi Reuben aliagizwa kumchukua Bwana Moizuddin hotelini, Al-Sulimaniyah, ampeleke uwanja wa ndege. Miriam alimfuata nje anaosha vioo.

"Mwambie."

"Nimwambie nani?"

"Mgeni. Mwambie udi niliutuma mimi, na kwetu maana yake ni karibu."

Reuben akaacha kufuta. "Dada, bosi amekataa. Nikiongea, mimi ndio nitapelekwa hiyo uwanja ya ndege, na si kama dereva."

"Sikulazimishi."

"Unanilazimisha kabisa. Umesimama hapo hivyo, na huyo bwana yako ako Jeddah anakungoja. Mimi niko na mama Kakamega ananingojea mabati ya nyumba."

"Basi nyamaza."

Akaingia ndani. Reuben aliniambia mwenyewe, alipokuja kututembelea, kwamba Miriam angalimbembeleza zaidi, yeye asingalisema neno. Ni vile alivyomwachia. Barabarani alivuka daraja la kwanza, la pili, kisha akajikuta anasema kwa Kiingereza, haraka haraka, mpaka mgeni akamwomba apunguze mwendo, wa gari na wa mdomo.

Bwana Moizuddin hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza, "Aliyeutuma ndiye aliyeupika?"

"Ndiye."

"Na yule mzee alijua?"

Reuben akasema hapo yeye hajui kitu, yeye anaangalia barabara.

Siku zikapita, kimya. Kisha mchana mmoja Abu Turki aliwaita wote wawili, akiwa amekaa na mkewe. Simu ilikuwa mezani mbele yake.

"Nani amemwambia Moizuddin mambo ya jiko langu?"

"Mimi, baba," Miriam akasema.

"Wewe hujatoka humu ndani."

"Mimi ndio nilifungua mdomo, bosi," Reuben akasema.

Abu Turki akawatazama. "Mnajua amesema nini? Amesema katika maisha yake amefukuzwa nyumba nyingi, lakini hajawahi kufukuzwa kwa udi mzuri namna hiyo." Madam akageuka ukutani, mabega yanamtikisika. "Anachukua makasha ya kriketi. Lakini Riyadh hakanyagi tena. Anataka kuona udi ukipikwa, Jeddah, na anayepika awe wewe, Miriam."

Kwa Reuben aliamuru ile desturi ya kumwachia gari Ijumaa ikome, mpaka atakapojifunza kufunga mdomo. Ilikoma kwa muda mrefu, na Reuben, aliyekuwa akiendea kwa gari hilo ibada yao ya siri nyumbani kwa mwenzao, akawa anasali chumbani. Jambo hilo Miriam halisahau, wala asisahau. Kaka mkubwa alitoa hisa yake akaenda zake.

Biashara yenyewe haikuwa kama walivyoota. Matajiri wa kriketi walitoa udi msimu mmoja, msimu wa pili wakataka saa, kwa kuwa tajiri mpya huchoka upesi. Harusi ndizo zilizodumu, maana bibi harusi wa Hyderabad afukizwa leo na atafukizwa kesho. Zilitosha kukiweka wazi kile chumba cha Jeddah mpaka Miriam na mumewe walipomaliza mikataba.

Mimi lakini nilimuuliza jambo moja tu, siku aliyorudi: mlikutanaje?

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza, baada ya swala. Mama yake Abu Turki, bibi kizee, alikuwa ameambiwa na mwanawe kwamba mume atakuja, akaketi karibu na lango kuhakikisha ni mume. Yassir alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kwetu, ya vito, ile ya vitundu vilivyoshonwa kwa mkono, na mkononi ana mfuko wa maembe. Alikuwa amekonda, na nywele zimeingia mvi pembeni. Miriam alisimama ndani ya lango. Alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima kutoka Riyadh.

"Mbona umekonda hivyo?" akasema.

"Na wewe mbona umenona? Wakupani huko?"

"Wali wao. Hauna nazi, lakini ni mwingi."

"Mimi napika mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Bibi kizee, ambaye Kiswahili hakijui, aliwasikiliza wakijibizana, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake, akasema kwa Kiarabu kwamba huyu ni mume bila shaka, akawafungulia lango.