Siku Niliyotafsiri Filamu ya Kijapani Remera

Jamani, kuna watu Remera ambao mpaka leo wakiniona barabarani wananiuliza kama sumu imeshafika baharini, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, lakini moyoni natamani ardhi inimeze pamoja na pikipiki niliyokuja nayo. Nawasimulia ninyi leo kwa sababu ni afadhali muipate kwangu kuliko kwao, maana huko nje imeshatiwa chumvi mpaka hailiki.

Niwaambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Nauza vitanda na makabati pale Gisozi, nimekulia Tanzania, upande wa Karagwe, na niliporudi Kigali nikiwa mtu mzima Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Kilichonifundisha ni agasobanuye. Kwa asiyejua, hizo ni filamu za nje ambazo msimulizi wetu wa hapa amekaa na maikrofoni yake akazungumza juu yake kwa Kinyarwanda mwanzo mpaka mwisho, anaigiza sauti za wote, wanaume kwa wanawake, anawabatiza majina ya kwetu, na ukimsikiliza utaamini kwamba mtu akishuka kwenye treni kule Ulaya ameshuka kituo chetu cha mabasi, Nyabugogo. Unapeleka flashi dukani wanakujazia, unarudi nyumbani unakaa. Hivyo ndivyo nilivyowajua Wakorea, Wahindi, Waturuki na Wabrazili, nikajiona mtu aliyetembea dunia nzima bila pasi. Na mimi ni mdadisi, siwezi kujizuia, nikiona watu wa filamu wanakula kitu lazima nijue ni kitu gani, wakivua viatu mlangoni lazima nijue kwa nini, na usiku nalala nikiwaza kama kweli kule Korea kila tajiri ana mtoto aliyepotea.

Sasa, Aline. Aline alikuja dukani kutafuta kabati, akaondoka bila kabati ila na namba yangu ya simu, na mwaka ukazunguka tukawa tumeshaanza kuongelea mambo ya kutuma wazee kwenda kuposa. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, baba yake hanijui. Muzehe Gaspard alikuwa mwalimu, amekulia Burundi, amefundisha Kifaransa maisha yake yote, na tangu afiwe na mke wake alikuwa haongei sana na watu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa nyumbani: Jumamosi mchana alikuwa anaonyesha filamu kwenye ukumbi mdogo ghorofani, Remera, si mbali na uwanja wa mpira, filamu za nchi mbalimbali ambazo ni nadra kuzikuta kwenye flashi, na yeyote anaruhusiwa kuja. "Ukitaka Papa akujue," Aline aliniambia, "usije nyumbani na soda. Njoo ukae uangalie naye."

Jumamosi ya kwanza nilikwenda, wakaonyesha filamu ya Mauritania, mwanamke anatafuta mbuzi wake jangwani kwa muda wote ule, mbuzi haonekani, mwisho anakaa chini anacheka. Basi. Hakuna risasi, hakuna tajiri, na mimi nilitoka pale kichwa kinazunguka. Nilimfuata Muzehe nikamuuliza maswali mpaka wengine wakaondoka: kwa nini alicheka, yule mbuzi yuko wapi, aliyetengeneza filamu aliwahi kufuga? Muzehe akanijibu yote taratibu, na jioni Aline akanipigia simu, "Papa amesema yule kijana ana macho." Sikulala kwa furaha. Nilijiona nimeshakaribishwa ukweni.

Ndipo ikaja Jumamosi ya pili. Naingia, nakuta picha imeshasimamishwa ukutani, mzee wa Kijapani ameketi kwenye treni, na kwenye kiti cha pembeni yake ameweka sanduku lililofungwa kwa kitambaa cha buluu. Nikamtambua pale pale! Nilikuwa nimeiangalia filamu hiyo mara tatu nyumbani kwangu, kwa agasobanuye, naijua kama njia ya kwenda dukani. Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, akakaa, akaangalia. Mimi nikanyoosha mkono.

"Muzehe, hii mimi nimeshaiona."

Muzehe akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Weye? Hii? Miaka mingi nimeitafuta hii filimu, hakuna mutu hapa Kigali anaijua."

"Mara tatu, Muzehe."

"Bon," akasema, na akanishika bega (kwa mara ya kwanza, nisikilizeni, alinishika bega). "Basi Imana imekuleta. Maandishi ya chini iko kwa Kifaransa tu, na hawa vijana ya Uganda na Tanzania hawakijui. Weye utasimama hapa, utawaelezea kwa Kiswahili."

Mimi mwenyewe Kifaransa sikijui hata cha kuombea maji. Lakini nilikuwa nahitaji maandishi ya nini, na hadithi yote ninayo kichwani? Nikapewa maikrofoni. Mbele wamekaa watu wazima, wale wa Kifaransa, Muzehe katikati yao na pembeni yake Mama Béa, mwalimu mwenzake wa zamani. Nyuma wamekaa vijana. Taa zikazimwa.

"Huyu mnayemuona," nikaanza, "anaitwa Rukara, alikuwa jasusi mkubwa, amestaafu, sasa wamemuita kwa kazi moja ya mwisho. Angalieni hilo sanduku. Ndani kuna sumu."

Nyuma nikasikia watu wanasogeza viti mbele. Kuna utamu fulani, jamani, wa kushika maikrofoni na watu wakakusikiliza, sasa nawaelewa wale wasimulizi. Mzee akalikatia sanduku tiketi yake, nikaeleza kwamba ile sumu ni kali, haitakiwi kugusana na mtu. Akamenya chungwa, akala nusu, nusu akaiweka mbele ya sanduku, nikasema anaipima kama bado ina nguvu, chungwa likioza basi mambo tayari. Wakaingia wanaume wawili wenye makoti marefu, wakawa wanamtafuta behewa baada ya behewa, nikasema hao ni maadui, na vijana wakaanza kumwambia yule mzee ajifiche. Akainama, akaliongelesha sanduku kwa sauti ndogo, nikasema humo ndani kuna redio pia, anapokea amri kutoka kwa wakubwa. Yote hayo sikuyatunga mimi, nawaapia, ndivyo msimulizi alivyosema, na kila alichosema kilikuwa kinalingana na picha.

Ila safu ya mbele ilikuwa na kikohozi. Alianza mmoja, akafuata mwingine, Mama Béa akageuka akanitazama kupitia juu ya miwani, na mimi nikadhani nasema polepole, nikapandisha sauti. Watu wa mji huu hawamuaibishi mtu hadharani, mnajua wenyewe, watakuacha umalize kisha watakusindikiza mpaka mlangoni wakikushukuru. Muzehe hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anatazama ukuta tu.

Katikati ya filamu Aline akaingia, alikuwa ametoka kazini. Akasimama mlangoni, akasoma maandishi, akanisikiliza, akasoma tena. Halafu akaanza kunifanyia ishara kwa mkono, kiganja kinashuka, kinashuka, na mimi (Mungu anisamehe) nikaelewa kwamba ananipongeza, ananiambia taratibu mpenzi wangu, unawamaliza. Nikampungia. Nikaongeza na sauti ya Rukara, nzito, ya kutokea kifuani.

Tukakaribia mwisho. Yule mzee ameshuka kwenye treni, ametembea kwenye theluji mpaka ufukweni, wale wawili wenye makoti wamemfikia lakini hawamkamati, wamesimama nyuma yake wamevua kofia. Hilo la kofia lilinisumbua kidogo hata nilipoiangalia nyumbani, adui avue kofia kwa nini, lakini msimulizi alisema wamesalimu amri. Mzee akafungua kitambaa cha buluu. Akafungua sanduku. Akachota unga wa kijivu kwa mkono wake.

"Sasa anamwaga sumu!" nikasema kwenye maikrofoni. "Maji yote ya maadui yanaingia sumu, wamekwisha wote!"

Nyuma wakapiga makofi. Mbele nikasikia Mama Béa analia. Nikababaika, nikatazama kule, na Aline alikuwa ameshafika karibu yangu, akasema polepole, lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia.

"Deo, ni mke wake."

"Nani?"

"Kwenye sanduku. Ni mke wake."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakumjua mtu atakayeulizia kwenye maikrofoni. Mimi nilishindwa kabisa kupata picha, nimezoea vitanda na makabati, napima kitu kwa macho, na lile sanduku lilikuwa dogo, halifiki hata droo. Nikauliza, "Aliingiaje?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja Mkongomani kutoka nyuma ndiye aliyenisaidia, kwa upole kabisa, "Ndugu, kule kwao banachomaka maiti. Ile ni majivu." Na hapo vitu vyote vikaanza kurudi kichwani kimoja kimoja, tiketi ya pili, nusu ya chungwa, maneno aliyokuwa anayasema kwa sauti ndogo, na wale wenye makoti, ambao baadaye nilikuja kujua walikuwa watoto wake wa kiume, wanamfuata baba yao wasimpoteze na yeye. Nilikuwa nimeiangalia mara tatu na sikuwa nimeiona.

Muzehe Gaspard akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Hakunitazama. Aline akamfuata, na pale mlangoni akaniambia kile ambacho ningepaswa kukijua kabla sijafungua mdomo: filamu ile baba na mama yake waliiona pamoja Bujumbura, ujanani, kabla hawajaoana, na Muzehe alikuwa anaitafuta tangu siku ya mazishi.

Jioni ile nilijifungia nyumbani. Niliona aibu, ndiyo, lakini zaidi ya aibu niliona uchungu, kwa sababu Muzehe alikuwa amesubiri muda wote ule apate saa mbili na mke wake na mimi nimesimama katikati yao napiga kelele za sumu. Niliona Aline hawezi kuolewa na mtu wa namna hiyo, na mimi mwenyewe kama ningekuwa baba yake nisingekubali. Jumapili baada ya misa nikajikaza, nikaenda kwao. Sikubeba soda.

Muzehe alikuwa amekaa barazani. Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji, nikaomba msamaha, nikaeleza habari ya flashi na msimulizi na jinsi ambavyo sijui Kifaransa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha kiti.

"Kwa nini hukunikataza, Muzehe?" nikamuuliza, maana udadisi wangu haujui hata siku ya msiba.

"Nilikuwa nataka," akasema. "Ariko... lakini nilikuwa naangalia ile chungwa."

Aline akaleta chai, akaondoka haraka. Muzehe akakoroga sukari muda mrefu, halafu akauliza bila kuinua macho.

"Donc, ile yako. Ile ya sumu. Inaisha namna gani?"

Nikadhani ananicheka, lakini uso wake haukuwa wa kucheka. "Inaisha vizuri tu, Muzehe. Maadui wanakwisha, kazi imekwisha, Rukara anapanda treni anarudi nyumbani."

"Anarudi."

"Ndiyo. Msimulizi anasema mke wake yuko nyumbani, ameshapika, anamngoja."

Muzehe akaweka kikombe chini. Alikaa hivyo mpaka chai yangu ikapoa, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuuliza kitu.

"Jumapili ijayo uniletee hiyo," akasema.

Niliipeleka. Tuliiangalia sebuleni kwao, yeye, Aline na mimi, msimulizi anapiga kelele zake, Rukara anashuka Nyabugogo, Muzehe anatikisa kichwa kila mara na mara moja akacheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Kuhusu Aline hakusema lolote siku hiyo. Ilipofika pale mwisho, mzee amepanda treni na msimulizi anasema mke anangoja na chakula, Muzehe akaniomba nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akaniomba tena.

Mimi nimeapa, maikrofoni sitaishika tena hata kwenye harusi yangu, kama itakuwepo. Na siku hizi mtu akiniuliza kama nimeiona filamu fulani, namjibu sijui, halafu namuomba tukae tuiangalie.